Kichefuchefu cha Clarisse

Mwezi uliopita tulimzika mwalimu wangu wa chuo. Sitamtaja jina, sisi wote tuliosoma kwake tulimwita Prof tu, hata kabla hajapata cheo hicho. Matanga yalikuwa chini ya maturubai ya kukodi, kando ya njia inayoshuka kwenda mtaa wa Kikula, na mwanafunzi wake mmoja wa zamani, ambaye siku hizi ni mkuu wa shule, alisimama karibu na jeneza na mikrofoni mkononi akasema kwamba marehemu ndiye aliyetufundisha kuusoma moyo wa mwanamke. Watu waliitikia kwa vichwa. Wengine waliinua simu wakamrekodi. Mimi nilikuwa na sahani ya wali na maharagwe magotini, na ghafla mate yakanijaa mdomoni, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Niliiweka sahani chini ya kiti nikaenda kusimama nyuma ya maturubai, kwenye vumbi, mpaka hotuba ikaisha. Mama mmoja niliyekuwa nimekaa naye alinifuata, akaniuliza kwa upole kama ni presha. Nikamwambia ndiyo. Nimefika umri ambao mtu anaweza kusingizia presha na akaaminiwa. Lakini haikuwa presha. Kilikuwa kinyaa, na kinyaa kile nakifahamu vizuri, maana kilianza mwaka mmoja tu wa ujana wangu, katika nyumba moja, mezani.

Mwaka ule nilikuwa namaliza masomo ya ualimu hapa Likasi, upande wa fasihi ya Kifaransa, na nilikaa kwa tantine Véro, dada wa baba yangu. Nyumba yake ilikuwa Kikula, ya matofali ya kuchoma, imejengwa kidogo kidogo, chumba baada ya chumba kadiri maisha yalivyoruhusu. Saluni, chumba cha kupokelea wageni, ilikuwa na viti vikubwa vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la kioo lililojaa glasi ambazo hakuna aliyewahi kuzinywea. Mimi nililala chumba kimoja na binti yake, Clarisse, aliyekuwa amenizidi umri kidogo na alikuwa akifundisha watoto wa shule ya chekechea. Tulikuwa na kitanda kimoja, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kuta za ndani hazikufika kwenye mabati, kwa hiyo maneno yote ya saluni yalipanda juu, yakageuka, yakatuangukia kitandani. Nyumba nyingi za mtaa wetu zilikuwa hivyo. Wazee walidhani wanazungumza kwa siri, na sisi tulilala chali tukiyasikia maisha yetu yakipangwa upande wa pili, kati ya vikombe vya chai.

Prof alitufundisha saa za mchana, katika darasa lenye madirisha yasiyofungika. Alikuwa mtu wa kuvutia, siwezi kukataa. Suruali yake ilipigwa pasi ikawa na mstari kama ncha ya kisu, na aliongea polepole, akimwangalia kila msichana kana kwamba amebaki peke yake darasani. Alituambia kwamba ndani ya kila mtu kuna nafsi ya chini, ile Wafaransa wanayoiita inconscient, na kwamba familia ndiyo inayoijenga nafsi hiyo kwa yale inayokataza na yale inayodai. Mwanamke katika riwaya, alisema, huzungumza kwa mdomo na huzungumza kwa mwili, na msomaji mwerevu huuamini mwili. Tuliandika maneno hayo kwa furaha. Tulikuwa wasichana ambao mpaka siku ile hakuna aliyetuambia kwamba miili yetu ina la kusema zaidi ya kuzaa na kubeba maji. Hata leo sioni ubaya katika mafundisho yale yenyewe. Nimeyafundisha mwenyewe miaka mingi, na nimeona wasichana wakifumbuka macho kwa sababu yake. Kinachonitia kinyaa ni jinsi kitu kizuri kama hicho kinavyoweza kushikwa na mkono mchafu.

Kwa mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia masomo, nilichagua riwaya ya mwandishi mwanamke, kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limegundishwa mara kadhaa. Ndani yake kuna msichana mwalimu ambaye mama na shangazi zake wanataka aolewe na mfanyabiashara wa makamo. Hawampigi wala hawamfungii ndani. Wanampikia. Kila sura ina chakula, na kila chakula kinaletwa na neno lake: umri wako, wenzako, macho ya watu, uchungu niliouona siku ya kukuzaa. Mwisho msichana anaanza kutapika kila kilichotoka kwenye sufuria ya mama yake. Niliandika kwamba kinyaa chake ndicho kitu pekee ambacho familia haikumpa, kwa hiyo ndicho kitu pekee kilichokuwa chake kabisa. Niliandika pia kwamba kabla ya kuuliza msichana ana ugonjwa gani, tuulize kwanza hamu inayozunguka katika nyumba ile ni ya nani. Prof aliirudisha sura yangu hiyo na wino mwekundu pembeni. Alikuwa ameandika kwa Kifaransa maneno machache: Hapana, anamtaka huyo mwanamume. Aliniambia nitafakari, kwamba kinyaa ni tamaa iliyovaa barakoa, na kwamba mimi mwenyewe nilikuwa naogopa kuliona jambo hilo kwa sababu nilikuwa bado mtoto.

Mvua zilipoanza, Jeanne alikufa. Jeanne alikuwa binti mkubwa wa tantine, dada ya Clarisse, aliyeolewa na Anaclet, mfanyakazi wa machimbo ya mawe ya chokaa kule Kakontwe. Homa ilimshika, na kabla hatujajua kama ni ya kawaida au ya kutisha, ikammaliza. Aliacha watoto wawili wadogo, Rebeka na mdogo wake wa kiume. Tantine hakulia mazikoni. Watu walimsifu kwa nguvu zake. Alipika, akapanga viti, akawapokea wageni, akahesabu nani amekuja na nani hakuja, na mimi nilimtazama nikawaza kwamba mama huyu ameweka kilio chake mahali fulani ili akichukue baadaye, kama mtu anavyoweka mzigo kwa jirani. Matanga yalipokwisha, Anaclet aliendelea kuja kwetu kila jioni baada ya kazi. Alinawa, lakini chokaa kilibaki kwenye kope na pembeni mwa kucha. Alikaa kiti kilekile, akaletewa bukari, ugali wetu wa huku, na samaki wa chumvi, akala taratibu, akakomba mchuzi kwa tonge la mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichukiza kuliko yote. Hakudai chochote, hakumgusa mtu, hakusema neno baya. Alingoja tu, kama mtu aliyemaliza sahani na anajua kwamba nyingine inakuja kutoka jikoni.

Tulisikia habari yenyewe juu ya kuta. Kaka mkubwa wa tantine, ambaye mimi namwita baba mkubwa, alikuwa amefika kutoka Kambove, na alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayepanga safari, kwamba familia ya Anaclet inaomba Clarisse ampyane dada yake. Kupyana ni kushika nafasi ya marehemu: uingie nyumba yake, ulale kitanda chake, ulee watoto wake, uitwe alivyoitwa. Tantine alijibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyelitaka jambo hilo kabla hata wao hawajalifikiria. Nilimhisi Clarisse akikauka kando yangu. Asubuhi alikunywa chai, akatoka nje, akaitapika nyuma ya nyumba.

Tangu siku ile hakuweza tena kula mbele ya Anaclet, kisha hakuweza kula chochote ndani ya nyumba. Tantine aliogopa kwanza kwamba ni mimba. Alimpeleka akapimwe, na haikuwa mimba. Akina mama wa parokia walikuja wakasali, wakamwekea mikono kichwani, wakanywa chai. Halafu tantine akasikia kutoka kwa jirani kwamba mwalimu wangu anajua magonjwa ya moyo yasiyoonekana, na bila kuniuliza akamtumia mwaliko. Prof alikuja Jumapili baada ya misa. Alichinjiwa jogoo. Kulikuwa na sombe ya majani ya mihogo, bukari nyeupe, na bia ya baridi iliyonunuliwa kwa ajili yake tu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona glasi zikitolewa kwenye kabati. Anaclet naye aliitwa. Clarisse aliketishwa mbele ya Prof, na sahani yake ikajazwa na mama yake.

Prof alikula huku akiuliza. Alimuuliza anaota nini, akamuuliza kama alikuwa akimwonea dada yake wivu walipokuwa wadogo, na alimsikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, akingojea wimbo anaoujua. Alivunja mfupa wa shingo kwa meno, akafyonza ute wake, akafuta vidole, kisha akamuuliza kama zamani, Jeanne alipokuwa mchumba, yeye Clarisse alikuwa akicheka na Anaclet.

"Ndiyo, tulikuwa tunacheka," Clarisse alisema. "Alikuwa bwana ya yaya Jeanne. Shemeji yako unacheka naye."

"Voilà," Prof akasema, kama mtu aliyekipata alichokitafuta, na akaegemea nyuma.

Kisha akaanza kuwaeleza, kwa Kiswahili cha nyumbani kilichochanganyika na Kifaransa cha darasani, habari za mgonjwa mmoja wa kale huko Ulaya, msichana aliyekuwa akiumwa miguu bila sababu. Daktari wake alimchimba mpaka akagundua kwamba alimpenda mume wa dada yake, na kwamba siku dada alipokufa wazo lilimpita kichwani, sasa huyu bwana yuko huru. Aibu ya wazo hilo ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Tantine alikuwa ameacha kula. Baba mkubwa aliweka glasi chini.

"Mama, mutoto yenu haiko mugonjwa," Prof alimwambia tantine. "Kile roho inakataa, njo kile inapenda. Hapana yake ni ndiyo yenye kujificha. Mumusaidie tu."

Nimekumbuka mengi katika maisha haya na nimesahau mengi zaidi, lakini kilichofuata sijakisahau. Anaclet alikuwa ameinamia mikono yake. Aliposikia maneno yale aliinua uso polepole, akamtazama Clarisse, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la haya, karibu la shukrani. Kwa muda wote ule alikuwa akimngojea mwanamke aliyeletwa na familia, na sasa profesa mzima alikuwa amemwambia kwamba mwanamke huyo anamtamani. Niliutazama mdomo wa Prof uliong'aa mafuta, nikatazama mifupa iliyopangwa ukingoni mwa sahani yake, na nikahisi ngozi yangu ikitaka kunitoka. Clarisse aliomba ruhusa akainuka. Tulimsikia nje. Prof aliinua kidole, kama darasani, na kusema kwamba hata hilo ni jibu.

Baadaye, kwenye njia, nilipomsindikiza, nilimwambia kwamba msichana yule wa Ulaya hakuwa amelazimishwa na mtu, na kwamba kumwambia mwanamke kuwa kukataa kwake ni kukubali ni kumfunga mdomo. Alinijibu bila hasira kwamba upinzani wangu ulikuwa sehemu ya ugonjwa wa nyumba ileile, na kwamba nisiposahihisha sura yangu hataweka sahihi. Alinipiga begani kwa upole. Alinukia bia na mafuta ya kuku.

Kuanzia Jumatatu wanawake wa mtaa walianza kumwita Clarisse Mama Rebeka. Hakuna aliyewaagiza. Neno lilikuwa limetoka mezani likazunguka. Tantine alileta sanduku la nguo za Jeanne chumbani kwetu, akachagua kikwembe kimoja cha bluu, akamfunga Clarisse kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, kama anayemvisha mtoto, akarudi nyuma hatua chache kumtazama. Macho yake yalilegea. Nguo ilinukia dawa ya nondo na sabuni ya marehemu. Clarisse alitapika juu yake pale pale. Tantine hakumgombeza. Alikifungua kikwembe, akakifua, akakianika, akakipiga pasi ya makaa, na jioni tulikikuta kimekunjwa vizuri juu ya mto wetu. Mambo hayo yalirudiwa. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya makaa juu ya kitambaa chenye unyevu, natoka nje. Watu hudhani shinikizo la familia ni kelele na fimbo. Mimi nililiona likija na pasi, na nguo iliyokunjwa kwa mapenzi.

Ilikuwa siku hizo ndipo nilipoielewa riwaya yangu, au nilipoacha kuihitaji. Nilijua sasa hamu ni ya nani. Tantine hakutaka kumwoza Clarisse. Alitaka Jeanne arudi, na mwili uliokuwa karibu ulikuwa wa binti mwingine. Nilimsimulia Clarisse kitabu kizima, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya nyuma tukichambua majani ya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza yule msichana anaishia wapi. Nikamwambia anaishia hospitali ya wendawazimu.

"Sababu gani mu bitabu yenu ule mwenye kukataa anapashwa kuwa wazimu?" akauliza.

Niliandika swali hilo katika hitimisho langu na kuweka jina lake chini ya ukurasa, kama mtu anavyotaja mwandishi. Prof alilifuta.

Kikao cha familia kiliitishwa Jumapili mchana, kiangazi kikiwa kimeanza na vilima vimegeuka rangi ya kahawia. Wazee wa pande zote mbili waliketi kwenye viti vya vitambaa vyeupe. Anaclet alivaa shati jeupe. Mimi nilikaa mlangoni kwa sababu nilikuwa wa kupitisha vinywaji. Waliongea muda mrefu juu ya watoto, juu ya undugu usiokatika, juu ya marehemu anayetazama kutoka aliko. Kisha baba mkubwa akamwuliza Clarisse kama anakubali kushika nafasi ya dada yake. Alikuwa amekonda sana. Alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Hapana," alisema. "Jeanne alikufa. Minye niko muzima."

Tantine alimwambia, kwa sauti ya upole kabisa, asione haya, kwamba Prof alikwisha kueleza, na kila mtu mle ndani anajua hapana ile maana yake nini. Wazee wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kumsaidia. Anaclet akatabasamu tena. Clarisse aliwatazama mmoja mmoja, na nilifikiri atatapika.

"Kama hapana yangu ni ndiyo," akasema, "basi hakuna neno moja yenye naweza kusema mu hii nyumba. Nitasema na miguu."

Akapita katikati yao, akaingia chumbani, akatoka na mfuko wa nguo zake. Tantine alianguka chini akaushika mguu wake, na hapo ndipo alipolia, kilio kile alichokuwa amekificha tangu mazikoni. Alilia Jeanne, Jeanne, Jeanne, akiwa ameushika mguu wa Clarisse. Mimi niliyekuwa nimekisoma kilio hicho katika vitabu, na niliyekuwa nimekingojea, sikukihurumia. Nilikiona kizito, chenye kamasi, kimekuja kudai. Labda kilikuwa kilio cha kweli. Naamini sasa kilikuwa cha kweli. Lakini mkono wake haukuachia mguu, na baba mkubwa alilazimika kuvifungua vidole. Clarisse alitoka juani, nami nikaweka sinia chini nikamfuata, nikibeba godoro dogo la sifongo kichwani.

Mwalimu mwenzake alimpa chumba cha uani, upande wa pili wa Kikula, chenye mlango wa bati na sakafu ya saruji. Siku ya kwanza alikunywa chai na mkate. Kisha uji. Baada ya muda mfupi alikuwa akila bukari na samaki wadogo wa kapenta kama mtu yeyote, na kichefuchefu hakikurudi. Nilipotetea mémoire yangu, ambayo mwishowe aliitia sahihi shingo upande, Prof aliniuliza mbele ya watu wote mbona kazi yangu ina kinyaa kingi hivyo, na kama sidhani kwamba nyuma yake kuna jambo ninalolitamani. Nilimjibu kwamba mtu akila kitu kibaya akatapika, hatumwambii alikuwa anakitamani; tunaangalia sufuria. Watu walicheka. Alinipa alama ndogo kabisa ya kupita, na sura yangu ilipita bila kusahihishwa. Anaclet alioa kabla mvua hazijarudi, mwanamke wa Kamatanda, mchangamfu, na watoto walimzoea upesi. Jambo ambalo lilikuwa halina njia nyingine lilipata njia nyingine ndani ya wiki chache tu, na likasahaulika.

Tantine alikuja kwenye chumba cha Clarisse mara moja mwaka ule, mchana wa jua kali, mimi nikiwepo. Alikuwa ametembea kwa miguu. Alisimama mlangoni, akatazama godoro, jiko la makaa, na daftari za watoto wa shule zilizopangwa ukutani, na hakujua aanzie wapi.

"Jeanne," akasema, "maji ya kunywa iko?"

"Ni Clarisse, mama," Clarisse alimjibu. "Maji iko. Ingia."

Akaingia, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanywa kikombe kizima bila kupumua. Hawakuzungumza juu ya kikao, wala Anaclet, wala nguo. Walizungumza juu ya magoti ya tantine na bei ya makaa. Alipoinuka kuondoka alijifunga kikwembe vizuri, akatoka, akageuka nje na kusema, "Jeanne, funga mulango, vumbi itaingia." Clarisse akaufunga. Nilimwuliza kwa hasira kwa nini mara hii hakumsahihisha. Alikuwa tayari ameshapiga magoti mbele ya jiko, akipuliza makaa.

"Ile ni ya mama," alisema. "Haiko yangu."